Hijra ni kuhama au ni kukimbia?

*"Mimi ni mwalimu wa sekondari, na si Muislamu. Katika kitini nilichowaandalia wanafunzi wangu niliandika hivi: 'Mwaka 622 Mtume Muhammad alikimbia Makka kwenda Madina, na siku hiyo ndiyo mwaka mpya wa Kiislamu.' Mzazi mmoja, mtu mzima, alikuja shuleni na kitini mkononi, akaniambia kwa upole kwamba Mtume hakukimbia, mitume hawakimbii, na kwamba nimemvunjia heshima. Mwenzangu wa ofisini akasema neno lenyewe ni 'hija'. Mwingine akasema ni 'hijra', lakini maana yake ni kukimbia vilevile. Sasa sijui nisahihishe nini. Hijra ni kuhama au ni kukimbia? Na je, naweza kulitumia neno hilo kwa watu wengine, kwa mfano waliokimbia vita, au ni la dini tu?"*

Mwalimu, asante kwa swali lako, na asante zaidi kwa namna ulivyolibeba. Ungeweza kukifuta kile kipande ukaendelea na kazi. Umesimama ukataka kujua kosa liko wapi hasa, na mzee wa watu aliyekuja na kitini mkononi anastahili jibu la namna hiyo.

Nikupe kwanza jibu la haraka. Andika "alihama" au, ukitaka neno lenyewe, "alihajiri". Yule mzazi amepatia kuhusu neno, ingawa sababu aliyoitoa, kwamba mitume hawakimbii, haisimami vizuri, na nitakuonyesha kwa nini. Mwenzako wa "hija" amekosea kabisa. Aliyesema hijra ni kukimbia amepata nusu ya habari na kuiacha nusu iliyo muhimu. Na lipo kosa jingine katika sentensi yako ambalo wote watatu wamelipita bila kuliona: Hijra haikutokea siku ya mwaka mpya wa Kiislamu.

La hija tulimalize mapema. Kwa Kiarabu haya ni maneno ya mizizi miwili tofauti, wala hata herufi ya kwanza si moja. *Hija*, ile safari ya ibada ya kwenda Makka, inaanza na ha nzito ya kooni. *Hijra* inaanza na ha nyepesi, kama ya neno "hapa". Sisi tunaandika zote kwa h moja, kwa hiyo macho yanatudanganya kwamba ni ndugu. Anayekwenda hija *anahiji*, naye huitwa haji. Anayefanya hijra *anahajiri*, naye huitwa mhajiri au muhajiri, na wengi wao ni wahajiri au muhajirina. Tena mhajiri usimchanganye na mwajiri, yule anayetoa kazi. Nimesahihisha maandishi ya vijana wengi ambamo Waislamu wa mwanzo waligeuka "waajiri wa Makka" kwa sababu tu ya h iliyodondoka.

Sasa tuingie kwenye mzizi wenyewe, maana ndipo ugomvi wote unapotatuliwa. Kitenzi cha Kiarabu *hajara* hakisemi mbio. Kinasema kuacha, kukata mafungamano, kujitenga na kitu au mtu. Qurani inakitumia pasipo na safari yoyote. Katika Sura Al-Muddaththir Mtume anaamrishwa aachane na uchafu, na kitenzi ni hicho hicho. Katika Al-Furqaan Mtume analalamika kwamba watu wake wameifanya Qurani kuwa kitu kilichohamwa, na neno ni la mzizi huo huo. Na ipo Hadithi mashuhuri inayomkataza Muislamu kumhama ndugu yake zaidi ya siku tatu. Ndivyo walimu wetu wa pwani walivyoitafsiri tangu zamani: *kumhama ndugu*, yaani kumnunia, kumpita njiani bila salamu. Hapo hakuna aliyefunga mzigo wala aliyetoka mbio, lakini kuna mtu aliyeacha na aliyeachwa.

Kwa hiyo hijra, kwa asili yake, ni kuhama kwa kukata. Mtu anaacha mji, ukoo, mali na ulinzi wa jamaa zake ili aanze maisha pengine. Kwa Waarabu wa karne ya 7 jambo hilo lilikuwa zito kuliko tunavyolifikiria leo. Mtu alilindwa na kabila lake, hapakuwa na polisi wala mahakama ya kumtetea aliye peke yake. Kuuacha ukoo ulikuwa uamuzi wa kubaki uchi mbele ya maadui.

"Kukimbia" kulitoka wapi basi? Kwa sehemu kubwa kulitoka kwa waandishi wa Ulaya, ambao kwa karne nyingi waliitafsiri Hijra kwa neno lao la mbio na kutoroka. Vitabu vya shule vilivyotokana na vya kwao vikalirithi, na mtu anayetafsiri kutoka Kiingereza bila kulitazama neno la asili analeta "alikimbia" moja kwa moja. Sikulaumu. Kitabu ulichotegemea yawezekana kiliandikwa hivyo hivyo.

Tazama sasa tukio lenyewe, upime kama "kukimbia" kunalitosha. Kabla ya Mtume kutoka Makka, watu zaidi ya 70 kutoka Yathrib, mji ambao baadaye uliitwa Madina, walikutana naye Aqaba, karibu na Makka, wakamwahidi ulinzi. Kisha Waislamu wa Makka wakaanza kuhama kidogo kidogo, familia kwa familia, wakamtangulia. Yeye akabaki karibu na mwisho. Abu Bakr, rafiki yake aliyefuatana naye safarini, alikuwa amewaweka ngamia wawili tayari, anawalisha nyumbani. Alikodiwa kiongozi wa njia, Abdullah bin Urayqit, ambaye wakati huo hakuwa hata Muislamu. Aliajiriwa kwa sababu anaijua njia na anaaminika. Walipotoka hawakushika njia ya kaskazini kuelekea Madina. Walikwenda kusini, kwenye pango la Thaur, wakakaa siku tatu mpaka msako ulegee. Asmaa binti Abu Bakr ndiye aliyetayarisha chakula cha safari, akapasua mkanda wake vipande viwili ili apate cha kufungia mzigo, na jina la "mwenye mikanda miwili" likamkaa maisha yake yote. Ali bin Abi Talib, binamu yake, aliachwa nyuma kwa kazi moja maalumu: kuwarudishia wenyewe amana walizokuwa wameziweka kwa Mtume. Wenye amana hizo walikuwa watu wa mji ule ule uliokuwa ukimtafuta.

Jambo hilo la amana ndilo ninalolipenda kuliko yote, na ningependa wanafunzi wako walisikie. Mtu anayehama hulipa madeni na kurudisha vitu vya watu. Anayekimbia hana nafasi hiyo.

Lakini lazima niwe mkweli upande wa pili, maana baadhi yetu tunaitetea Hijra mpaka tunaifanya ionekane kama safari ya starehe. Hatari ilikuwepo, na ilikuwa ya kifo. Wakuu wa Makurayshi, kabila lililotawala Makka, walikuwa wamepanga kumuua. Ali alilala kitandani kwake ili wavizia mlango wadhani bado yumo ndani. Na Qurani yenyewe haifichi kwamba watu hawa walilazimishwa. Sura At-Tawba, inapolitaja lile pango, inasema makafiri *walimtoa*. Sura Muhammad inautaja Makka kuwa mji *uliokutoa*. Al-Hashr inawaita Muhajirina watu *waliotolewa* majumbani mwao na katika mali zao.

Utaona kwamba hapo kuna vitenzi viwili vinavyofanya kazi mbili. Kitendo cha Makurayshi ni kutoa, kufukuza. Kitendo cha Mtume na wenzake ni kuhama. "Alikimbia" kunavimeza vyote viwili: waliofukuza wanapotea katika sentensi, naye aliyeamua anabaki kama mtu aliyeshikwa na hofu tu. Hilo ndilo lililomuumiza yule mzazi, hata kama hakulieleza kwa namna hii.

Na hapa ndipo ninapotofautiana naye kidogo, kwa heshima zote. Kusema mitume hawakimbii kabisa ni kusema zaidi ya Qurani. Katika Sura Ash-Shu'araa, Nabii Musa anamwambia Firauni waziwazi kwamba aliwakimbia alipowaogopa, na kitenzi hapo ni kile cha kukimbia hasa. Kuhusu Nabii Yunus, Sura As-Saaffaat inatumia kitenzi kikali zaidi, kile cha mtumwa anayemtoroka bwana wake. Kwa hiyo Kiarabu cha Qurani kina neno la kukimbia na kina neno la kutoroka, na kinayatumia kinapotaka, hata kwa mitume. Kwa safari ya Madina kilichagua hijra. Hiyo ndiyo hoja yenye nguvu, na ningemwambia mzee aitumie hiyo, maana haimlazimishi mtu kuona aibu katika kukimbia. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Aliyekimbia mauti akafika salama hakufanya kosa lolote.

Kwa kuwa umesema wewe si Muislamu, pengine mfano wa Biblia utakusaidia kulisikia neno kwa sikio la yule mzazi. Kitabu cha pili cha Musa kwa Kiswahili kinaitwa Kutoka. Lakini humo humo, sura ya 14, mfalme wa Misri anapewa habari kwamba wale watu wamekimbia. Tukio ni lile lile. Kwa wenyewe ni kutoka, na kwa Farao aliyepoteza watumwa ni kukimbia. Angalia pia Mathayo sura ya 2, ambapo Yusufu anaambiwa amchukue mtoto na mama yake *akimbilie* Misri. Hakuna Mkristo anayelalamika hapo, maana malaika mwenyewe ndiye aliyetumia neno. Na uhamisho wa Babeli, unaotajwa sura moja kabla ya hiyo, ni jambo jingine tena: watu walichukuliwa, walihamishwa na jeshi la mgeni. Kutoka, kukimbilia, kuhamishwa. Ukiyabadilishana hayo maneno utaandika Biblia nyingine.

Nije sasa kwenye Kiswahili chenyewe, maana swali lako la mwisho limo humo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa na mama mmoja aliyetoka mashariki mwa Kongo, nikimsaidia kujaza fomu. Niliandika kwamba "alihama kijijini kwake mwezi wa nane". Akaniomba nimsomee. Nilipofika kwenye neno hilo akanishika mkono. "Mimi sikuhama," akasema. "Mtu anayehama anafunga vyombo. Mimi nilikimbia na mwiko mkononi, ugali uko motoni." Akainama kwenye mfuko wake akautoa mwiko wenyewe, wa mti, ncha imeungua upande mmoja, akauweka juu ya fomu. Nilikata "alihama" nikaandika "alikimbia", na tangu siku hiyo sijawahi kuyachanganya maneno hayo mawili.

Kipimo cha mama yule ni kizuri kuliko vya kamusi nyingi. *Kuhama* kuna kufunga vyombo. Mtu anaondoka na maisha yake: godoro, sufuria, watoto, kuku akiweza. Ndiyo maana mahali palipoachwa na watu panaitwa *mahame*, na ndiyo maana wafugaji wanaofuata malisho tunasema wanahamahama. Hawakimbii kitu, nyumba yao ndiyo inayosafiri. *Kukimbia* kuna kitu nyuma: moto, bunduki, deni, mume mkali. *Kutoroka* kuna mlinzi. Hutoroki mahali ambapo ungeweza kuaga. Watumwa wa pwani waliotoroka waliitwa *watoro*, na katika karne ya 19 baadhi yao walijenga kijiji chao Fuladoyo, bara ya pwani ya Kenya ya leo. Wenyewe walikuwa watu walioamua kuwa huru. Jina la mtoro walipewa na waliowadai. Neno hilo hilo leo tunampa mtoto aliyekosa shule.

Na kuna *kugura*, neno zuri la pwani ambalo magazeti ya Kenya yamelipa uhai mpya: mwanasiasa amegura chama, mchezaji amegura klabu. Lina maana ya kuondoka mahali na kuwaacha wenyewe nyuma. Katika kitini cha historia ya dini lingesikika kama habari za michezo, kwa hiyo usilitumie hapo.

Angalia pia kiambishi kidogo kinachobeba mzigo mkubwa. *Kukimbia Burundi* ni kutoka Burundi. *Kukimbilia Burundi* ni kwenda huko kutafuta usalama. *Kuhama Pemba* na *kuhamia Pemba* ni safari za pande mbili zinazopingana. Nimesoma taarifa za habari zilizosema maelfu "wamekimbia Tanzania" pale ambapo Tanzania ndiyo iliyowapokea. Sentensi yako, "alikimbia Makka kwenda Madina", kwa sarufi iko sawa. Lakini ona jinsi ambavyo uzito wote umeangukia Makka na hofu ya Makka, na Madina imekuwa mahali pa kufikia tu. Kwa Waislamu uzito uko Madina, kwani huko ndiko jamii yao ilikoanza kujitawala.

Mkimbizi naye ana habari yake. Wengi hudhani neno linatokana na *kukimbiza*, kwamba mkimbizi ni mtu anayekimbiza. Sivyo. Linatokana na kukimbia, kwa njia ile ile ya *lea* kupata mlezi na *zaa* kupata mzazi. Hiyo z inajitokeza yenyewe. Kisha lugha ikagawa kazi: anayeshindana uwanjani ni mkimbiaji, anayekimbia mateso ni mkimbizi. Mhamiaji ni mtu aliyehamia mahali kwa sababu yoyote ile. Na nikiwa hapo niseme jambo ninaloliamini: sipendi "mhamiaji haramu". Nyama huwa haramu, pato huwa haramu. Mtu hakosi uhalali wa kuwa mtu, amekosa kibali. "Mhamiaji asiye na kibali" ni maneno marefu kidogo, lakini ni ya kweli.

Jambo la nani ametenda ndilo la kuwafundisha vijana kwa mkazo zaidi. Mwaka 1973 ilipotangazwa Tanzania bara kwamba kuishi katika vijiji ni amri, mamilioni ya watu walijikuta katika makazi mapya katika miaka iliyofuata. Ukiandika "walihamia vijijini", umesema walikwenda kwa hiari. Wako waliokwenda kwa hiari. Wengi walibebwa na malori, na kwao neno ni "walihamishwa". Silabi moja tu, lakini mzee aliyepandishwa kwenye lori ataisikia.

Je, unaweza kusema "hijra" kwa waliokimbia vita? Nitakujibu kwa tahadhari. Lugha inaruhusu, na hata historia ya Uislamu inaruhusu. Kabla ya Madina palikuwa na hijra nyingine, ya kwenda Habasha, upande wa Ethiopia ya leo, karibu mwaka 615. Waislamu walioteswa Makka walivuka Bahari ya Shamu wakaja upande wetu huu wa Afrika, kwa mfalme Mkristo, Najashi. Makurayshi wakatuma wajumbe na zawadi wadai warudishiwe watu wao. Najashi akataka kwanza kuwasikia wenyewe, naye Ja'far bin Abi Talib akasimama akaeleza, akasoma sehemu ya Sura Maryam. Mfalme akakataa kuwatoa. Ukisoma Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, kifungu cha 33, unakuta katazo la kumrudisha mkimbizi mahali ambapo uhai wake uko hatarini. Watu wa Habasha walikuwa kile tunachokiita leo wakimbizi, na bado safari yao inaitwa hijra. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa mkimbizi kwa hali yake na mhajiri kwa nia yake.

Nia ndiyo inayotenganisha. Hadithi inayofungua mkusanyiko wa Bukhari inasema kwamba vitendo huzingatiwa kwa nia, kisha inatoa mfano wa hijra hiyo hiyo: aliyehama kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake, na aliyehama kwa ajili ya dunia au mwanamke wa kuoa. Wote wawili wamesafiri njia moja. Hadithi nyingine inasema muhajiri ni yule aliyeyahama yale aliyoyakataza Mwenyezi Mungu, na hapo tumerudi kwenye mzizi, kuacha, bila hatua hata moja ya safari. Na Mtume mwenyewe alisema hakuna tena hijra baada ya kufunguliwa Makka, akimaanisha ile ya wajibu kutoka Makka kwenda Madina.

Ushauri wangu basi: kwa watu waliokimbia vita andika *wakimbizi* na *kukimbia*. "Hijra" iache mpaka wenyewe waiite hivyo. Ukiwaita wahajiri bila wao kusema, umewapa nia ya kidini ambayo huenda hawakuwa nayo. Mama wa mwiko hakuwa akitafuta mji wa kujenga. Alikuwa anatafuta pa kulala. Na sababu nyingine ni ya kisheria. Mkimbizi ni hadhi inayompa mtu haki, chini ya mkataba huo wa 1951 na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, ambao uliipanua tafsiri imuingize pia anayekimbia uvamizi na machafuko makubwa. Ukimwita mhamiaji tu, unaweza kumfutia haki hiyo kwa kalamu. Aliyekimbia lakini hajavuka mpaka wa nchi yake kisheria haingii humo, ingawa magazeti yanamwita mkimbizi wa ndani na watu wanaelewa; Mkataba wa Kampala wa mwaka 2009 uliandikwa kwa ajili ya watu kama hao.

Kuna jambo moja katika Hijra ya Madina ambalo kwangu linamaliza ubishi. Anayekimbia huwa anatazamia kurudi hatari ikiisha. Mwaka 630 Makka ilifunguliwa, maadui wakaweka silaha chini, nyumba ya kuzaliwa iko pale pale. Mtume akarudi Madina. Akaishi huko, akafia huko mwaka 632, na kaburi lake liko huko. Alikuwa amehama.

Nibakishe lile kosa la tarehe. Mtume alifika Quba, kando ya Madina, katika mwezi wa Rabiul Awwal, yaani Mfunguo Sita kwa hesabu yetu ya pwani. Kwa kalenda ya kawaida ilikuwa Septemba 622. Mwaka wa Kiislamu unaanza Muharram, Mfunguo Nne. Khalifa Umar bin Khattab ndiye aliyeweka kalenda, miaka kama 16 au 17 baada ya tukio. Aliuchagua *mwaka* wa Hijra uwe wa kwanza, lakini akauanzia mwezi wa Muharram kama Waarabu walivyozoea. Kwa hiyo 1 Muharram ni kumbukumbu ya mwaka wa Hijra, na siku ya safari ni nyingine.

Wanafunzi wako wakitaka kubadilisha miaka, waonye wasitoe tu 622. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, pungufu kwa siku kama 11. Chukua nakala ya zamani ya Utendi wa Tambuka, shairi refu la kale la Kiswahili, iliyoandikwa mwaka 1728. Ukitoa 622 unapata 1106. Lakini mwaka wa Hijra wa nakala hiyo ni 1141, zaidi kwa miaka 35, maana zile siku 11 za kila mwaka zimekuwa zikijikusanya kwa karne zote hizo. Wape hesabu hiyo ubaoni, watoto huipenda.

Kwa kitini chako ningeandika hivi: "Mwaka 622, baada ya kuteswa na kupangiwa kuuawa na wakuu wa Makka, Mtume Muhammad alihama kwenda Yathrib, mji ulioitwa baadaye Madina. Safari hiyo inaitwa Hijra, na mwaka huo ndio wa kwanza katika kalenda ya Kiislamu." Hapo hatari imetajwa, waliotenda wametajwa, na aliyehama amehama.

Kabla ya kukichapa upya, mpelekee yule mzazi akisome mkiwa mmekaa pamoja. Amekuja kwa upole, na mambo ya namna hii huisha vizuri zaidi uso kwa uso kuliko kwa barua. Mwanafunzi akikuuliza kama Muislamu wa leo analazimika kuhajiri kutoka nchi fulani, usijibu wewe wala mimi. Hilo ni swali la fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, na lina khitilafu, apelekwe kwa sheikh msomi anayemfahamu yeye na mazingira yake. Na ikiwa darasani kwako yumo mtoto ambaye hadhi ya familia yake haijaeleweka, kama ni wakimbizi, wahamiaji au ni kitu gani, usikisie katika rejesta. Wazazi waende na karatasi zao kwa mwanasheria au shirika linalohudumia wakimbizi, na wewe ikiwezekana uwasindikize, maana huko neno moja likiandikwa vibaya mara ya kwanza huchukua miaka kulifuta.